Mchwa wanakula nyumba yangu ya kupangisha Nkuhungu na nataka kuanza msingi mwingine Nala, naombeni ushauri

BintiMpwapwa

Habari za jioni wakuu, poleni na majukumu. Naomba msaada kwa wenye nyumba huko Dodoma na mafundi mnaojua suala la mchwa maana limeninyima usingizi.

Nina nyumba ya kupangisha Nkuhungu, masta nne kwenye mstari mmoja kila moja na jiko lake, mimi niko Mwanza kikazi kwa hiyo anayeangalia ni mdogo wangu. Juzi juzi mpangaji wa chumba cha mwisho akanipigia, dada mlango haufungi. Nikajua ni bawaba tu. Mdogo wangu kwenda pale anabonyeza fremu na kidole gumba, kidole kinazama, yaani kilichobaki nje ni rangi na varnish, ndani ni udongo mtupu. Wakafungua kabati la nguo la ukutani, zile za chipbodi, mgongo wote umeliwa na kuna mstari wa udongo umepanda kutoka kwenye skatingi hadi darini. Wakapanda juu, kenchi mbili za paa tayari zina udongo.

Sasa maswali yangu. Hiyo ya Nkuhungu inatibika bila kuvunja sakafu? Ina malumalu vyumba vyote na wapangaji wamo ndani, wengine wamelipa kodi ya miezi sita. Halafu nina kiwanja Nala nataka nianze msingi kabla mvua hazijashuka, nyumba ya mita 10 kwa 12, nayo ya kupangisha, na kiwanja kina kichuguu kimenizidi kiuno. Fundi ananiambia usiwe na hofu tutapiga dawa, ukimuuliza dawa gani anasema ya mchwa, ukimuuliza kiasi gani anasema mimi najua kazi yangu. Mwingine kasema nipake tu oil chafu mbao zote nimemaliza.

Hizi nyumba ndo ada ya watoto na ndo tegemeo langu nikistaafu. Mwenye kujua anieleweshe tafadhali, nitasoma kila mchango.

FundiMkonze

Pole dada na umefanya vizuri kuuliza kabla jamvi, yaani zege la chini ya sakafu, halijamwagwa, wengi wanatutafuta wakiwa wameshahamia. Nimejenga Kisasa, Iyumbu, Mkonze mpaka Ihumwa na kwa ardhi yetu hii dawa ya mchwa naihesabu pamoja na nondo na saruji kwenye bajeti ya msingi, siyo kitu cha kuweka hela ikibaki.

Tuanze na Nala. Hicho kichuguu wasikusawazishie na greda halafu mkajenga juu. Malkia yuko chini, kwenye chumba chake cha udongo mgumu, anaishi miaka mingi tu, hata zaidi ya 10, na ukikata kichwa cha kichuguu ukamwacha pale wanajenga upya na safari hii ni chini ya sebule ya mpangaji wako. Chimbeni mpaka mkipate hicho chumba mumtoe, mtoe na yale mabonge yenye vitundu wanakooteshea ukungu wanaokula, shimo lipigwe dawa ndo mfukie kwa kushindilia. Lakini usije ukadhani umemaliza, kuna makundi mengine hayana kichuguu kabisa, yako chini kimya, na mara nyingi hao ndo wanaomaliza nyumba.

Kitu cha pili ni usafi wa msingi na hapa mafundi wenzangu wanisamehe. Kabla ya kujaza kifusi toa visiki, mizizi, vigingi vya kusetia, mbao za kufungia zege, na mifuko ya saruji, ile karatasi. Vijana wakichoka wanatupia kila kitu kwenye kifusi na kushindilia juu yake. Hicho ni chakula umewawekea mchwa chini ya jamvi, wakikimaliza wanapanda juu kutafuta kingine.

Sasa dawa yenyewe. Fundi wako akikwambia anajua kazi yake mwombe hesabu ya lita. Kwa dawa nyingi za udongo kipimo ni kama lita 4 mpaka 5 za dawa iliyochanganywa kwa kila mita ya mraba, soma kibandiko cha hiyo uliyonunua. Nyumba yako ni 10 kwa 12, sawa na mita za mraba 120, kwa lita 5 unapata lita 600, yaani mapipa matatu ya lita 200 kwa sakafu peke yake. Halafu kuna kuzunguka ukuta wa msingi, lita 5 kwa kila mita moja ya urefu kwa kila sentimita 30 za kina, mzunguko wako ni mita 44 kwa hiyo lita 220 nyingine kwa kina cha sentimita 30, na ukienda chini zaidi zinaongezeka. Ndo maana ukimuona mtu kaja na bomba moja la mgongoni la lita 16, kapuliza dakika kumi na tano, anasema tayari, jua hapo umelowanishiwa vumbi. Sakafu hiyo kwa bomba la lita 16 ni kujaza mara 37 na zaidi.

Inapigwa lini: baada ya kifusi kushindiliwa vizuri, kabla ya nailoni. Ikishanywewa na udongo tandika nailoni na umwage jamvi mapema iwezekanavyo, isilale wazi kwenye jua la Dodoma wala isinyeshewe. Ukishapiga hairuhusiwi mtu kuchimba tena, kuna mafundi bomba wanakuja kesho yake wanafukua mfereji wa choo, pale umeshafungua mlango. Bomba za maji na umeme zinazotoboa jamvi ndo njia kuu ya mchwa, waambie waweke kila kitu kabla, na kila bomba linapopita dawa iongezwe, halafu pazibwe na zege, wasiache uwazi. Hawa wadudu ufa wa milimita moja au mbili unawatosha.

Ya mwisho ni kuzunguka nje, hiyo inapigwa nyumba ikishaisha na udongo wa pembeni ukishakaa.

Kidumu_Veyula

Mimi nyumba yangu nimepaka oil chafu mbao zote na majivu nimemwaga kuzunguka msingi, mwaka wa tatu huu hakuna mchwa, hayo madawa ni biashara za watu tu, sisi wa hali ya chini tutaishije.

MzeeMakulu

Kijana wangu Kidumu sikukatalii, oil chafu inawafukuza kwa muda pale ilipopakwa, na gharama naijua. Ila inakauka, na mchwa hatokei kwenye mbao, anatokea ardhini anakuja kwenye mbao, wewe umeziba juu chini pako wazi. Akikuta upande wa kenchi uliokaa ukutani ambao brashi haikufika anaanza hapo. Halafu oil inafanya mbao ishike moto upesi, inachuruzika kwenye siling bodi rangi inaharibika, na ukiimwaga kwenye udongo inaenda na maji. Dodoma maji yetu tunayachimba, visima vya Makutupora ndivyo vimetubeba miaka yote, tusiyachezee. Majivu nayo mvua ya kwanza imeyaondoa.

Mimi ni mwenyeji wa hapa, nimekulia kwenye tembe. Wazee wetu walikuwa hawasimamishi mti wowote tu ardhini, nguzo walikuwa wanachagua, mti laini unakaa juu, mti mgumu ndo unagusa udongo. Kiini cha mpingo mchwa anakiacha. Leo watu wanaleta paini changa kutoka Mafinga haijakauka vizuri, wanaipigilia, miaka miwili wanashangaa. Uamuzi wa makao makuu ni wa 1973 lakini tangu serikali ilipotangaza kuhamia kweli 2016 watu wamejenga kwa kukimbizana, nyumba za kupangisha zimeota mpaka kwenye mashamba ya uwele na mtama, na mashamba hayo yalikuwa na mchwa kabla yetu. Nasema hivi kwa uchungu maana naona vijana wanakopa benki, wanajenga, na nyumba inaanza kuliwa mkopo bado haujaisha.

Kwa hiyo binti yangu, kenchi nunua mbao za dawa, lakini usidanganywe na rangi ya kijani. Wako wafanyabiashara wanachovya tu. Mwambie akate kipande kimoja mbele yako, uangalie rangi imeingia ndani kiasi gani. Ikiwa ni ganda la juu tu na ndani nyeupe, achana nayo. Na fundi akikata mbao ya dawa pale site, ncha iliyokatwa ipakwe dawa tena, la sivyo unakuwa umewafungulia katikati. Fremu za milango ukiweza weka za chuma, mninga ni mzuri lakini bei yake siku hizi unaijua.

Mpangaji_Ilazo

Naomba niseme kwa upande wetu wapangaji maana hatuzungumzwi. Mimi niliona ule mstari wa udongo nyuma ya kabati miezi kadhaa kabla sijasema. Nilinyamaza kwa sababu mwenye nyumba wetu wa wakati huo ukimwambia kitasa kimeharibika anakukata kwenye kodi, nikawaza nikisema mchwa atasema nimewaleta na maboksi yangu. Tuko wengi hivyo. Dada kama unataka kujua mapema waandikie kwenye mkataba kwamba mchwa ni juu ya mwenye nyumba na mpangaji akiona atoe taarifa hatalipishwa kitu. Na ukikabidhi chumba muonyeshe mpangaji kile kimstari cha udongo kinafananaje, wengi wanakifagia tu wakidhani ni uchafu wa nyigu.

Na kweli maboksi yanachangia. Chumba kimoja, vitu vingi, tunapanga maboksi na magunia ukutani mpaka uhame ndo unaona.

MdauPembejeo

Nina duka la pembejeo na hizi dawa nauza kwa hiyo nitasema ninachokijua, kwenye la Nkuhungu zaidi.

Inatibika bila kuvunja sakafu. Kinachofanyika ni kutoboa. Wanatoboa matundu madogo ya kama milimita 12 kwenye sakafu kando ya ukuta, kila baada ya sentimita 30 hivi, wanapitia kwenye maungio ya malumalu ili usibadilishe malumalu, wanaingiza dawa kwa presha chini ya jamvi, kisha wanaziba na grauti. Nje wanachimba kamfereji kembamba kuzunguka msingi, upana sentimita 15 kina 30, wanamwaga dawa na udongo unaorudishwa unachanganywa nayo. Mpangaji anatoa vitu ukutani, watoto na vyakula vinatoka siku hiyo, wanarudi dawa ikishakauka na chumba kikishapata hewa. Nyumba yako ni mstari mmoja, tibu masta zote nne kwa pamoja. Ukitibu cha mwisho tu wanahamia cha jirani.

Kuhusu aina za dawa, ziko za kundi la bifenthrini ambazo mchwa akizihisi anageuka, na ziko kama fipronili na imidaklopridi ambazo mchwa hazihisi, anapita, anarudi na sumu mwilini na kuwaambukiza wenzake wanapolishana na kusafishana. Kwa nyumba ambayo tayari inaliwa mimi napendelea hizi za pili. Ndo maana nawaomba sana msichukue dawa ya mende ya kopo mkapuliza kwenye ile mistari ya udongo, utaua mia tano waliopo hapo, wengine wanafunga ile njia na kutokea kwingine ambako huwaoni, na fundi akija hajui aanzie wapi. Bomoa kipande kidogo cha mstari, uangalie baada ya siku mbili tatu. Wakiukarabati wako hai, ukikuta udongo umekauka na hakuna kitu inawezekana wamehama au dawa imefanya kazi.

Klopirifosi nayo watu wanaijua sana kwa sababu ya bei, ila kwenye udongo wenye chokaa na joto inaisha nguvu mapema. Na yeyote atakayekuletea aldrini au dieldrini akakwambia hii ndo kiboko ya zamani, mfukuze. Hizo zilizuiwa duniani na mkataba wa Stockholm wa 2001 kwa sababu zinakaa ardhini na mwilini miaka na miaka.

Ukinunua angalia kopo lina lakiri, lina kibandiko cha Kiswahili au Kiingereza kinachosomeka, na namba ya usajili ya TPHPA, ile mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu iliyochukua nafasi ya TPRI, taasisi ya zamani ya utafiti wa viuatilifu. Dawa iliyopimiwa kwenye chupa ya maji usiguse, mtoto ataiona ataidhani ni soda na hujui hata ni nini kimo ndani. Nimeshaona mtu kaleta chupa dukani anataka nyingine ya hivyo hivyo, ukinusa ni dawa ya pamba.

BintiMpwapwa

Aisee asanteni sana, nimesoma yote mara mbili na nimeyaandika pembeni. Mpangaji_Ilazo asante kipekee, hilo la mkataba sikuwahi kuliwaza, wiki hii hii nawaandikia ujumbe wale wanne.

Nimebaki na mambo mawili. Nkuhungu kuna kisima kirefu nimechimba kwa ajili ya wapangaji, kiko karibu sana na ukuta wa nyuma, hiyo dawa ya mferejini haitaingia kwenye maji? Na nitajuaje wamerudi, maana mdogo wangu hawezi kupanda darini kila siku.

MdauPembejeo

La kisima umeuliza la maana kuliko yote. Upande huo wasidunge dawa ardhini kabisa wala wasitoboe chini ya jamvi. Wachimbe udongo wa kando ya ukuta, waupeleke mbali na kisima, waumwage juu ya turubai au nailoni nzito, wauchanganye na dawa hapo juu mpaka unywe wote, ndo waurudishe. Mfuniko wa kisima na zege lake liangaliwe kama lina nyufa. Mtu anayekuja kufanya kazi asipoelewa hilo ukimweleza, mwambie asante na utafute mwingine. Kuosha mabomba na makopo pale pale kisimani pia marufuku, nimeliona hilo likifanyika.

FundiMkonze

La kujua wamerudi ni rahisi mdogo wako akizoea. Azunguke nje ya nyumba mara moja kwa mwezi aangalie msingi. Msingi uonekane angalau sentimita 15 juu ya ardhi, usiubandike malumalu wala usipandishe udongo wa maua mpaka kwenye plasta, ukiufunika mchwa anapanda kwa nyuma humuoni. Kuni, mbao zilizobaki, mabati yaliyokaa juu ya mirunda, vyote viondoke ukutani. Bomba linalovuja na karo lililopasuka yatengenezwe upesi, kiangazi huku kila kitu kinakauka na pale penye unyevu ndo wanapokusanyika.

Ndani agonge fremu na sarafu kuanzia chini kwenda juu, mlio ukibadilika ukawa mtupu, hapo kuna kazi. Bafuni na chini ya sinki ndo aanzie. Darini aache mlango wa kupandia kila masta, wengi mnaziba kabisa na jipsamu halafu hamna pa kuchungulia, mara mbili kwa mwaka anapanda na tochi inatosha. Nala nakuomba uweke huo mlango kwenye ramani kabisa.

Na mvua za kwanza, Novemba mwishoni au Desemba, kumbikumbi, ndo mchwa wenye mabawa, wakitoka uwanjani kwenye taa hilo ni la kawaida Dodoma nzima, watoto wataokota wale. Ila wakitokea ndani, kwenye ufa wa sakafu au pembeni ya fremu, au akikuta mabawa mengi yamelundikana dirishani kwa ndani, basi kundi limo ndani ya nyumba au chini yake, asisubiri.

Unayempa kazi ya kupiga dawa mwandikishie: jina la dawa, kiasi alichochanganya, lita alizotumia, na dhamana ya miaka mingapi na mchwa wakirudi atafanya bure au nusu bei. Asiyetaka kuandika usimpe hela.

MzeeMakulu

Hapo Nala mkichimba hicho kichuguu udongo wake msitupe, mkishauondoa mbali na msingi unafaa kufyatulia tofali za uzio au kusiriba banda, unashika vizuri. Ila usirudi kwenye kifusi cha nyumba.

BintiMpwapwa

Sawa mzee wangu, shikamoo na asante. Fundi wangu nimeshamtumia hesabu ya lita 600 na zile 220, kaniambia hiyo nyingi sana hajawahi kufanya hivyo.

FundiMkonze

Basi umeshajua nyumba alizojenga zina nini chini. Mpe nafasi kama anakubali kufuata kibandiko, akikataa badilisha mtu wa dawa, tofali aendelee kupanga yeye. Na kwa kuwa uko mbali, siku ya dawa mdogo wako awepo asubuhi mpaka jioni, makopo yafunguliwe mbele yake, mapipa ayahesabu yakijazwa, akupigie video kabla nailoni haijatandikwa. Gari la kokoto lisianze kumwaga mpaka umesema ndiyo.